Mama Mkwe Alipokwenda Kudai Jina Lake

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu tumboni. Mama yangu alikuwa akisema nilichelewa kuzaliwa kwa sababu nilitaka kwanza kujua hali ya hewa ya huku nje. Nikitoka nyumbani Olasiti kwenda dukani kwangu, nageuka njiani kurudi kuangalia kama nimezima jiko. Kila mara nakuta nilizima, na bado hilo halijanifundisha kitu. Kwa hiyo jumuiya yetu iliponiweka kwenye kamati ya hija ya miguu, nadhani walijua wanachofanya. Mtu mwoga hasahau dawa ya kuharisha.

Hija yetu ni ya kila Kwaresima. Tunatoka parokiani mjini, tunashika barabara ya Moshi, tunapita Tengeru, Makumira na Usa River, tunalala kwenye madarasa, mpaka tunafika kituo cha hija upande wa Kilimanjaro. Mbele unakwenda msalaba, nyuma inafuata pikapu ya magodoro na waliochubuka miguu, katikati ni sisi na rozari zetu na spika moja inayokoroma. Mwaka huo nilipewa uji na dawa. Hayo ningeyaweza. Kilichonihangaisha kwa wiki nzima kabla ya kuondoka ni kwamba mama mkwe wangu alisema anakuja na sisi.

Mama mkwe wangu ni Mlutheri. Ni Mmeru wa juu ya Tengeru, mjane, mwenye kahawa yake, migomba yake na ng'ombe wawili, na kengele ya kanisa lake anaisikia akiwa jikoni. Mimi ni Mchaga wa Rombo, Mkatoliki. Tangu mwanawe anioe tumeishi vizuri, kwa maana kwamba yeye anasema na mimi naitikia. Kuhusu dini amenichokoza mara moja tu, na mara hiyo haijaisha mpaka leo. Aliniuliza kama Mungu wetu ana tatizo la masikio, hata tumwambie jambo lile lile mara hamsini.

Mmoja wa ng'ombe wake anaitwa jina la mama yangu mzazi. Sio tusi. Katika nyumba ile ng'ombe wa zawadi huitwa jina la aliyemtoa, yeye na mtamba wake na mtamba wa mtamba wake. Tulipooana mama yangu alipeleka mtamba, ng'ombe jike mchanga, na mpaka leo, mama na mtamba wake wakiwa wameshakufa, ng'ombe anayekamuliwa pale asubuhi anaitwa kama mama. Nakumbuka mama alipokuja kututembelea akasikia jina lake likitajwa bandani na kuambiwa lisogeze mguu na liache ukaidi. Nusura afunge mzigo arudi Rombo. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamweleza kwamba katika boma lile hakuna jina linalotajwa mara nyingi kwa siku kuliko lake, na kwamba hiyo ni heshima. Mama alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Sasa kuhusu hiyo safari. Mama mkwe alinipigia simu jioni moja wakati nafunga duka, na hakuzunguka.

"Nasikia mwaka huu mnalala Makumira," alisema. "Kule juu ndiko aliko wajina wangu. Nitatembea na ninyi mpaka hapo, halafu utanipeleka. Nina neno langu na yeye."

Nikamwuliza ni neno gani. Akanijibu kwamba lingekuwa langu angenipa mimi.

Wajina wake ni binti yangu, kifungua mimba wangu. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba, na huyu alilichukua kweli kweli. Siku ya kupewa jina, mama mkwe alimpokea, akamtemea mate kidogo kifuani kama wanavyobariki kule, akalitamka jina lake mwenyewe juu ya mtoto kana kwamba anavua nguo na kumvika. Baada ya hapo mtoto alikuwa wangu kwa kunyonya tu. Likizo zote alikuwa kule juu. Alijifunza Kimeru kabla Kiswahili hakijamnyooka, akajifunza kukamua kabla ya kusoma, na wakiwa wawili bandani waliitana kwa lile jina moja mpaka hujui nani anamwita nani, na ng'ombe katikati yao.

Alipomaliza kidato cha sita alituambia anakwenda utawani. Sio masista wa shule wala wa hospitali, ambao unaweza kukutana nao sokoni. Aliomba kuingia monasteri ya masista wa ndani, iliyoko kwenye mteremko wa Meru juu ya Makumira, nyuma ya ukuta mrefu wa mawe. Wa ndani hawatoki. Unakwenda wewe, unakaa kwenye chumba cha wageni, unaongea naye kupitia dirisha la nondo, unarudi. Nilijivunia na nililia, yote mawili, na mume wangu alikwenda akalima shamba zima. Mama mkwe alivumilia hata hilo. Alisema Mungu ni mmoja, na ukuta ni ukuta.

Kilichomvunja ni jina. Pale monasterini mtawa akiweka nadhiri za kwanza anapewa jina jipya, na binti yangu akapewa. Habari ilipomfikia bibi yake hakufoka. Aliuliza tu, "Jina langu lilikuwa linamwasha?" Hakuja kwenye nadhiri. Kwa kuwa kwao mtu haendewi kwenye shughuli yake mikono mitupu, alimkabidhi mume wangu mtamba kutoka bandani, akapakiwa kwenye gari pamoja na majani, lakini hakutuma salamu yoyote. Tulimfikisha yule mtamba kwa aibu, kama watu wanaorudisha kitu cha kuazima. Tangu siku hiyo mama mkwe hakumtaja mjukuu wake kwa jina la zamani wala kwa jipya. Akilazimika anasema "yule wa juu."

Hayo yangepita, watu wangefunika kombe, kama si kwamba baada ya Pasaka ile binti yangu alikuwa aweke nadhiri za daima. Nilipomtembelea mara ya mwisho kabla ya Kwaresima hakuniomba kitu chochote, si soksi, si dawa ya kifua. Alisema tu kwamba anataka baraka ya bibi kabla ya siku hiyo, na alisema kwa namna ambayo nilielewa kwamba asipoipata ataweka nadhiri zake kama mtu anayetembea na mwiba. Nilizifikisha salamu hizo kwa mama mkwe. Alinisikiliza akichambua kahawa, akaendelea kuchambua. Jibu lake ndiyo hiyo simu ya jioni.

Ndiyo maana niliogopa. Wazee wa kule husema jina ni mali ya mwenye nalo, na akiona halitunzwi anaweza kulidai. Likidaiwa linaondoka na ile baraka iliyokuja nalo. Katika ukoo wa mume wangu yuko mtu mmoja aliyewahi kudaiwa jina na babu yake, na mpaka leo gari lake likipata pancha watu wanatazamana. Mimi ni Mkatoliki, nimefundishwa kutoamini mambo hayo. Nilikuwa nikijikumbusha hivyo kila usiku, na kila usiku niliamini kidogo zaidi. Nilimwona mama mkwe amesimama mbele ya zile nondo, anasema neno lake, na mwanangu upande wa pili hana hata pa kukimbilia.

Nilimwomba mume wangu aongee na mama yake. Akasema, "Mama ukimzuia anapita upande mwingine. Bora apite akiwa na wewe." Kisha akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Basi nikapanga, maana kupanga ndiyo dawa yangu. Nilimwendea mkuu wa msafara, mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni, nikamweleza kwamba asubuhi ya siku ya pili, wenzetu wakiwa kwenye Misa na kufunga mizigo, mimi na mama mkwe tutapanda monasterini na kurudi, tutawakuta Kikatiti. Alifikiri, akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba kwenye hija hakuna michepuko. Akina mama waliokuwa wanapima unga nyuma yetu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na vumbi la unga, na mzee wa watu hakujua amesema nini. Nadhani alinipa ruhusa ili kicheko kiishe. Nilitafuta mwenzangu wa kupika uji asubuhi hiyo. Nilijaribu kupiga simu ya monasteri, ikaita mpaka ikachoka, nikatuma ujumbe, haukujibiwa. Nikajiambia masista wako kwenye sala. Niliweka viatu vya akiba, mwavuli, plasta za malengelenge, na dawa ya presha ya mama mkwe, ambaye hana presha.

Siku yenyewe alitusubiri Tengeru kando ya barabara, amevaa raba na kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika wake. Sisi wote tulikuwa na sare ya bluu. Alionekana katikati yetu kama kuku wa jirani, na hakujali hata kidogo. Mkononi alishika kikapu, ndani yake kopo la kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe. Vijana walimwamkia, akaitikia marahaba kwa foleni nzima, akaingia kwenye mstari nyuma ya msalaba. Nilimwambia akichoka pikapu ipo. Akanitazama miguu, akaniambia mimi ndiye niijue hiyo pikapu iko wapi.

Alitembea vizuri kunishinda. Rozari ilipoanza alinyamaza, na kwenye nyimbo akaimba, maana nyimbo nyingine tunazitumia wote. Mimi nilikuwa pembeni yake nikiangalia uso wake kama mtu anayechungulia sufuria ya maziwa. Akikunja uso, nadhani anapanga maneno. Akitabasamu, naogopa zaidi. Mvua ndogo ilitunyeshea karibu na Makumira, nikafungua mwavuli wangu, akanisogezea kikapu chake chini yake ili kahawa isilowe, yeye akabaki nje. Nilitaka kumwuliza palepale. Nikamwuliza kama raba zinambana.

Jioni tulipowekwa madarasani, mama mmoja wa kata ya Sokon I aliyetandika godoro karibu na letu aliniuliza kwa nini nimebadilishana zamu ya uji. Nikamweleza. Akaacha kutandika. Akasema, kwa upole, kwamba yeye alidhani wakati wa Kwaresima masista wa ndani hufunga chumba cha wageni mpaka Pasaka.

Nilikuwa nalijua hilo! Kila mwaka namtembelea mwanangu kabla ya Jumatano ya Majivu na baada ya Pasaka, na kila mwaka mimi ndiye ninayewakumbusha ndugu wengine wasiende kujichosha bure. Nilikuwa nimekumbuka plasta, nimekumbuka mwavuli, na nimesahau kwamba hija yetu ni ya Kwaresima na Kwaresima ndiyo yenye mlango uliofungwa. Ni makosa ya mtu anayepanga harusi ya Jumamosi na mazishi ya Jumamosi akidhani ni Jumamosi mbili tofauti.

Halafu, baada ya aibu, likaja jambo lingine, na nitalisema lilivyokuwa. Nilifarijika. Kama chumba kimefungwa, neno halitasemwa. Mwanangu atafika siku yake bila kulisikia. Nilitoka nje nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye ngazi ya darasa anakunywa uji, nikamweleza kwamba safari imeharibika kwa kosa langu, tutakwenda siku nyingine. Nilijitahidi uso uonyeshe huzuni.

Alimaliza uji kwanza. "Hata sisi tuna Kwaresima," alisema. "Nilidhani ninyi mnajua mlango wenu."

Nikasema ndiyo mama, nimekosa.

"Mlango ukifungwa, aliyeufunga yuko nyuma yake," akasema. "Kesho twende." Akanipa kikombe nikakioshe.

Tuliondoka kabla jua halijatoka vizuri. Kwenye njia panda waendesha bodaboda walituita, na mimi, kwa goti langu linalouma, ningekubali mara moja. Mama mkwe aliwaambia hii ni hija ya miguu, na pikipiki haina miguu. Wakatupisha. Tukapanda kati ya migomba na kahawa, maji ya mfereji yakishuka pembeni yetu, na kila shamba alilipitisha kwenye mtihani. Huyu hakupogolea kahawa. Huyu ameacha migomba imesongana kama watu kwenye msiba. Mlima ulikuwa umefunuka mpaka kileleni, jambo ambalo kwangu si dalili njema, maana mlima ukifunuka mapema mchana inanyesha. Nilihema. Yeye hakuhema.

Mahali njia inapopinda kabla ya ukuta kuonekana nilisimama. Sikuwa nimekusudia. Miguu ndiyo iliyosimama, na mdomo ukafuata.

"Mama," nilisema, "nakuomba. Usimchukulie mtoto jina."

Alisimama pia. Akaweka kikapu chini, kitu ambacho hakuwa amefanya njiani tangu Tengeru.

"Wewe una jina la nani?"

"La bibi yangu mzaa baba."

"Ulipopewa alikuwa hai?"

"Alikuwa amekwisha kufariki."

"Basi hujui," akasema. "La marehemu linabebwa, hata likitupwa yeye haoni. Langu limetuliwa chini mimi nikiwa natazama." Akaongeza kwa sauti ya chini kuliko niliyoizoea, "Unajua nani ananiita jina langu sasa? Mume wangu yuko chini ya udongo. Shemeji zangu wako chini. Rafiki niliyebarikiwa naye Kipaimara tulimzika mwaka jana. Ninyi mnaniita mama, wengine bibi, mchungaji ananiita mama mzee. Alikuwa amebaki yule mmoja."

Miaka yote ile nilidhani ana hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alichukua kikapu chake tukaendelea, na woga wangu haukupungua, ila sasa niliwaogopea wote wawili.

Sista wa mlangoni ni mtu mzima, ndiye anayeruhusiwa kuongea na watu wa nje. Alifungua kidirisha, akamwamkia mama mkwe shikamoo, akanitambua. Aliomba radhi kwa ujumbe wangu ambao alikuwa hajauona, na akasema kile tulichokijua: hakuna wageni mpaka Pasaka, hata wazazi. Alisema kwa huruma, lakini alisema. Kama kuna zawadi anaweza kuipokea, na kama kuna neno atalifikisha.

Kuna kabati la mbao pale ukutani linalozunguka. Unaweka kitu upande wako, linazungushwa, kinatokea ndani, na hakuna aliyemwona mwenzake. Mama mkwe aliweka kopo la kahawa. Kisha sista akauliza neno ni lipi. Nikashika ukuta.

Mama mkwe alilitazama kabati lile. "Kahawa inapita humo," akasema. "Neno langu halipiti."

Sista akatuambia basi tupumzike kwenye benchi kabla ya kushuka, akatuletea maji, akafunga kidirisha. Benchi liko nje, limeegemea ukuta upande wa juu. Tulikaa. Nilihesabu kwamba yamekwisha, na nilikuwa nawaza tutakavyowawahi wenzetu, na wakati huohuo nikimwona mwanangu Pasaka akiniuliza bibi alisemaje. Mama mkwe alinusa hewa. Akasema wanafuga, na kwamba majani wanayolisha yamekatwa asubuhi hii, si ya jana. Hilo lilimpendeza. Nyuma ya ukuta tulisikia mlango wa banda, kwato kwenye sakafu, ndoo ikitua.

Kisha mtu akamwita mama mkwe wangu kwa jina lake.

Aliliita lote, kwa kulivuta mwishoni, kama anavyoitwa mtu aliyeko ng'ambo ya shamba. Na mama mkwe, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini ambaye hajawahi kuniitikia hata mimi bila kwanza kuuliza ninataka nini, aliinuka kwenye benchi kama msichana aliyeitwa na mama yake.

"Abee!" aliitika.

Kule ndani kukawa kimya. Hata ndoo haikulia.

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nilitamani nisielewe. Ni yule mtamba tuliyemleta siku ya nadhiri. Ameshakuwa ng'ombe wa maziwa, na mwanangu, aliyelelewa bandani kwa bibi yake, amemwita kwa jina la aliyemtoa, kama inavyopasa katika nyumba yao. Kwa miaka yote hiyo, kila asubuhi na kila jioni. Mimi sikuwahi kuuliza ng'ombe anaitwaje, na yeye hakuona haja ya kuniambia jambo ambalo kila mtu wa nyumba ile angelijua. Lakini niliogopa mama mkwe atasikia lingine. Atasikia kwamba binti alilivua jina lake akalitupia mnyama. Nikamshika mkono, nikaanza kusema mama, mama, ngoja. Alinitoa mkono bila kunitazama.

Jina likaitwa tena. Safari hii polepole, na karibu zaidi, kwa sauti ya mtu aliyeuweka mdomo wake kwenye mawe. Nilimzaa mimi mwenye sauti ile.

"Abee," akaitika mama mkwe. Na yeye alikuwa ameshausogelea ukuta.

Masista wale kazini hawaongei, sembuse wakati wa Kwaresima, sembuse na watu wa nje. Mwanangu hakuvunja sheria. Aliongea na ng'ombe wake. Alimwita mara ya tatu, akamwambia kwa Kimeru asogeze mguu na aache ukaidi, maneno yaleyale ya kule nyumbani. Maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa mwendo wake.

Mama mkwe aliweka kiganja ukutani. Alisikiliza ukamuaji mpaka mlio ukabadilika, ndoo ilipokaribia kujaa. Nilimwona anatikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya mtu akihakikisha mkono anaoufahamu haujasahau kazi. Kisha akainama, akautemea mate kidogo ule ukuta, pale sauti ilipotokea, akasema kwa Kimeru maneno machache ambayo nilikuwa nimeyasikia mara moja tu maishani, juu ya mtoto mchanga. Alisema kwa sauti ya kutosha kupita mawe.

Kengele ikalia. Ndoo ikanyanyuliwa, hatua zikaondoka, tukabaki na ng'ombe anatafuna.

Tulishuka mpaka tukaona barabara kubwa na mabasi ya Moshi. Yeye alikuwa mbele, kikapu kitupu mkononi, anakwenda haraka. Wingu lilikuwa limeshauziba mlima na nilisahau kufungua mwavuli. Mwisho nikashindwa kujizuia, nikamwuliza lile neno lilikuwa lipi.

"Nilikuja kulichukua jina langu," alisema. "Nilikuwa nimeshapanga nitakavyosema, tangu nyumbani." Akatembea hatua kadhaa. "Nimekuta linatoa maziwa. Sasa nitalitoaje bandani?"